Kwa Nini Geita Haiwezi Kuiga Toyota: Makala ya Ugavi, Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tuliishia kwenye makala ya Marshall Fisher, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, iliyochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Harvard Business Review. Fisher aligawa bidhaa makundi mawili. Kuna bidhaa za kila siku, kama chumvi na sabuni, ambazo muuzaji anajua karibu kwa hakika mwezi ujao zitatoka kiasi gani. Hizo zinataka mnyororo wa ugavi wa kubana matumizi: stoo ndogo, usafiri wa bei nafuu, mashine zisizolala. Na kuna bidhaa za mitindo, ambazo leo zinagombewa na kesho hakuna anayezigeukia. Hizo zinataka mnyororo wenye kasi, hata ukiwa wa gharama. Kampuni nyingi, kwa maoni ya Fisher, zinaumia kwa sababu bidhaa ya kundi hili zimeipitisha kwenye mnyororo wa kundi lile.

Fundisho hilo ni zuri, na wanaojiandaa kwa mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi hawalikosi. Tabu inaanza ukilibeba lilivyo ukalipeleka Geita, kwenye mgodi wa dhahabu.

Dhahabu haina shida ya soko. Bei inapanda na kushuka, lakini mgodi hauhangaiki kutafuta mteja, wala hauweki tangazo barabarani. Kwa kipimo cha Fisher, dhahabu ni bidhaa ya uhakika kupita chumvi yenyewe. Basi mgodi ungepaswa kuwa wa kwanza kubana: stoo tupu, oda ndogo ndogo, mzigo unafika siku ile ile unayohitajika, kama Toyota walivyofundisha dunia. Lakini ingia stoo ya mgodi mkubwa wa Kanda ya Ziwa uone. Safu kwa safu za spea, nyingine zimekaa miaka zikisubiri mashine moja iharibike. Makontena ya kemikali yamepangwa kwa tarehe. Matangi ya dizeli yamejaa. Mhasibu akiyatazama anaona fedha zimelala. Meneja wa mtambo akiyatazama anapata usingizi.

Aliyefumbua fumbo hili ni Hau Lee wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika andiko lake la mwaka 2002. Lee alilikubali swali la Fisher kuhusu mteja, kisha akaongeza la pili: je, upande wa wanaokuletea vitu nao una uhakika? Akapata makundi manne badala ya mawili, na moja kati ya hayo ndilo letu: soko ni la hakika, ugavi ni wa mashaka. Miongoni mwa mifano ya Lee ya kundi hili ni umeme wa maji. Kila mtu anautaka umeme, mvua ndiyo haina ahadi. Msomaji aliyepitia mgao wa umeme wa 2006, maji ya bwawa la Mtera yalipopungua kupita kiasi, hahitaji maelezo zaidi. Kwa kampuni za namna hii Lee hakushauri kubana wala kukimbia. Alishauri kujikinga: kuweka akiba, kuchangia akiba hiyo na wengine inapowezekana, na kutomtegemea muuzaji mmoja.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Kampuni haichagui mbinu ya ugavi kwa kuipenda, wala kwa sababu meneja mpya ameisoma chuoni. Inaangalia kwanza mashaka yake yamekaa upande gani. Kwa migodi yetu yamekaa barabarani.

Tuifuate barabara hiyo. Mzigo ukishushwa bandari ya Dar es Salaam unapandishwa lori, unapita mizani ya Vigwaza na ya Mikese, unafika Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, unashuka mlima Sekenke, unapita Igunga na Nzega hadi Tinde, mkoani Shinyanga. Tinde barabara inagawanyika. Ya kulia inakwenda Shinyanga mjini na Mwanza, ya kushoto inakwenda Kahama. Wa mgodi wa Bulyanhulu anapita Kahama kuelekea Kakola, kilomita 73 ambazo kwa miaka mingi zilikuwa za vumbi kiangazi na tope masika. Wa Geita alikuwa na njia mbili: azunguke Kahama, Ushirombo, Uyovu, Bwanga na Katoro, au apite upande wa Mwanza, Usagara hadi Kigongo, akapange foleni ya kivuko cha kwenda Busisi. Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ile imekwisha. Kwa mgavi, manufaa yake makubwa ni kwamba saa za safari sasa zinatabirika. Mzigo unaochelewa siku tano kila mara unapangika. Unaochelewa siku moja leo na siku kumi na mbili kesho ndio unaojaza stoo.

Reli je? Kwa mzigo mzito wa masafa marefu reli ndiyo iliyopaswa kushinda, na bandari kavu ya Isaka iko huko huko Kahama. Lakini reli ya kati ya zamani ilikuwa na kidonda chake kati ya Kilosa na Gulwe, ambako mto ukifurika unazoa tuta na mataruma. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yaliikata njia na huduma zikasimama kwa miezi. Kampuni iliyotegemea behewa kwa kemikali za mtambo ingesimama nayo. Hivyo ndivyo bei nafuu ya reli ilivyoshindwa na lori: tofauti ya nauli kwa tani ililiwa na akiba ambayo mgodi ungelazimika kuiweka ili kustahimili kukatika kwa njia. Reli ya kisasa ikifika Isaka na Mwanza hesabu hii itafanywa upya, kwa sharti kwamba mabehewa ya mizigo yaheshimu ratiba kama yale ya abiria ya Dar es Salaam na Dodoma.

Nimeutaja mlima Sekenke, nao una kisa chake ambacho siwezi kukiruka. Hapo Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vilipokuja, manowari za Waingereza zikaziba pwani, bidhaa zikakatika, hata sarafu za kulipia watu zikaadimika. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli ya Tabora, wakafua sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo kwa dhahabu ya Sekenke. Leo wakusanyaji wa sarafu wanazigombea. Wakati ule zilikuwa dalili ya koloni lililokuwa na dhahabu mkononi na bandari iliyofungwa.

Turudi stoo. Chukua sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu kutoka kwenye mwamba uliosagwa. Bila hiyo mtambo wa kawaida wa uchenjuaji unasimama, hata shimo likiwa limejaa mawe mazuri. Inaagizwa kutoka ng'ambo. Huwa inakuja katika vipande vigumu vyeupe, vimefungwa kwenye masanduku ya tani moja moja, yapata 20 kwa kontena. Tufanye mfano wa hesabu. Tuseme mtambo unatumia tani 8 kwa siku, na tangu oda itoke hadi kontena lifike getini zinapita siku 70. Kama siku 70 zingekuwa 70 kweli, stoo isingehitaji zaidi ya mzigo wa siku chache. Lakini tuseme wakati mwingine zinakuwa 90, kwa sababu meli imekosa gati, hati imekwama, au msafara umezuiwa. Siku 20 mara tani 8 ni tani 160. Makontena manane yanakaa hapo yakilinda pengo ambalo labda halitatokea mwaka huu.

Mwaka 1913 mhandisi Mmarekani Ford Harris aliandika kanuni ya kutafuta kiasi bora cha kuagiza, na hadi leo inafundishwa. Kanuni yake inapima vitu viwili: gharama ya kuweka mzigo na gharama ya kutoa oda. Geita gharama hizo mbili ni ndogo mbele ya ya tatu, ya kuishiwa. Mtambo mkubwa ukisimama kutwa moja kwa kukosa kemikali, hasara yake inameza ulichookoa mwaka mzima kwa kubana stoo.

Sianidi ina jambo lingine linalompunguzia mgavi uhuru wa kuchagua. Januari 2000, mwaka ule ule mgodi wa Geita ulipoanza uzalishaji, bwawa la mgodi mmoja wa Baia Mare nchini Romania lilipasuka, na maji yenye sianidi yakaingia mito hadi Danube, yakiua samaki nchi baada ya nchi. Kilichofuata ni kanuni za kimataifa za kusimamia sianidi, ambazo kampuni kubwa za dhahabu zimejiunga nazo kwa hiari. Zinamhusu mtengenezaji, msafirishaji na mgodi, na kila mmoja hukaguliwa. Maana yake ni kwamba afisa ununuzi hawezi kumpa kazi mwenye lori kwa sababu tu bei yake ni ya chini. Orodha ya wanaoruhusiwa ni fupi, mikataba ni ya miaka, na bei inajadiliwa kati ya watu wanaojua kwamba hawataachana kesho. Kwa sianidi mbinu ya kushindanisha zabuni kila mwaka haina nafasi kubwa, hata uipende vipi.

Tairi ni hadithi tofauti kidogo. Lori la shimoni linalobeba tani zaidi ya 100 lina matairi sita, na tairi moja limesimama juu kuliko mtu mrefu aliyenyoosha mkono. Makampuni yanayoweza kuyatengeneza duniani ni machache, Bridgestone, Michelin na Goodyear yakiwa mbele. Katikati ya muongo wa 2000, China ilipokuwa inanunua madini kwa pupa, matairi hayo yaliadimika dunia nzima. Kulikuwa na migodi iliyoegesha malori mazima kwa kukosa mpira. Hapo fedha peke yake haikutosha. Waliopata matairi ni waliokuwa na mkataba wa muda mrefu na jina zuri kwa mtengenezaji. Aliyezoea kumkimbia muuzaji kwa ajili ya punguzo dogo aliwekwa mwisho wa foleni.

Kutokana na uchungu huo, na wa namna yake katika spea nyingine, migodi mingi imeshikilia utaratibu ambao mfanyabiashara wa Kariakoo anaufahamu tangu utotoni: mali kauli. Muuzaji analeta matairi au vipuri, anaviweka ndani ya uzio wa mgodi, vinabaki mali yake. Mgodi unalipa siku unapochukua kimoja kukifunga. Akiba ipo, lakini fedha iliyolala ni ya muuzaji, na yeye ataifidia kwenye bei. Ni utaratibu mzuri kwa muuzaji mwenye mtaji mnene au makao makuu ng'ambo yanayokopa kwa riba ndogo. Kwa mzawa anayekopa benki za hapa kwa riba tunazozijua, mali kauli ya miezi sita ni kitanzi. Hili linasahauliwa sana kwenye mikutano ya kuhamasisha wazawa.

Dizeli inanunuliwa kwa njia nyingine kabisa, na hapa mgodi umechaguliwa mbinu badala ya kuchagua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 mafuta yanaingia nchini kwa mfumo wa uagizaji wa pamoja, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo kila mwezi. Kilichobaki kwa mgodi ni kuamua atakayesafirisha na ukubwa wa matangi. Ukubwa huo una historia yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini mgodi wa Geita ulijizalishia umeme kwa mitambo yake ya mafuta, kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, kwa hiyo lori la dizeli lililokwama Singida lilitishia malori ya shimoni na taa za mtambo kwa pamoja.

Msomaji ataona kwamba nimetaja vitu vitatu na kila kimoja kina mbinu yake, ndani ya mgodi mmoja. Ndivyo ilivyo. Peter Kraljic, mshauri wa McKinsey nchini Ujerumani, aliliandika hili mwaka 1983, wakati viwanda vya Ulaya vikiwa bado na makovu ya migogoro ya mafuta ya muongo uliotangulia. Alishauri kila kitu kinachonunuliwa kipimwe mara mbili: kina uzito gani kwenye faida, na ni kigumu kiasi gani kukipata. Kizito na kigumu, kama sianidi, kinataka ndoa. Kizito lakini rahisi kupatikana kinataka kushindanisha wauzaji bila huruma. Chepesi lakini kigumu, mfano pete ya mpira ya pampu moja isiyotengenezwa tena, kinataka tu kuwekwa akiba ya kutosha na kusahauliwa. Vilivyobaki, glavu, karatasi, sabuni, visipotezee watu muda.

Kraljic nampenda, ila mraba wake wa vipimo viwili una upofu mmoja. Unapima hatari kwa mnunuzi peke yake. Nyanya za jikoni kwenye kambi ya mgodi, kwa kipimo chake, ni kitu chepesi na rahisi: agiza Mwanza kwa simu moja, kesho zimefika. Lakini kijiji kilicho ng'ambo ya uzio kinalima nyanya, kinaziona zikipita na lori la mtu wa mbali, na siku moja kinalala barabarani. Hapo sianidi na dizeli na tairi vyote vinasimama nyuma ya gogo moja. Kwa hiyo kuna bidhaa ambazo mgodi unazinunua jirani kwa sababu isiyoonekana kwenye ankara. Wenye migodi wamejifunza hili taratibu, na wengine kwa gharama.

Sasa tutazame ncha nyingine ya mnyororo, ile ya kutoa mzigo. Geita inatoa matofali ya dhahabu ghafi. Mwadui, kwa Williamson, ambako almasi zinachimbwa tangu 1940, inatoa vifurushi vinavyoenea mkobani. Mizigo ya namna hiyo unaipandisha ndege na shughuli imekwisha. Bulyanhulu haikuwa hivyo. Mwamba wake una shaba pamoja na dhahabu, na sehemu ya mavuno ilitoka ikiwa unga mzito, makinikia, uliosafirishwa kwa makontena hadi bandarini kwenda kuyeyushwa nchi za nje. Mgodi huo ulikuwa na mnyororo wa kuingiza na mnyororo wa kutoa, na yote miwili ikipita barabara ile ile na bandari ile ile.

Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi. Makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam, na jina makinikia likaingia hadi vijiweni. Mengi yalisemwa kuhusu kodi na thamani, na mengine yalistahili kusemwa. Sisi tulitazame jambo hili kama wagavi. Kampuni ya Acacia iliyoendesha mgodi haikuwa na njia ya pili ya kuuza sehemu ile ya mavuno, kwa kuwa hakuna kiwanda cha kuyeyushia kilichokuwepo nchini. Kabla mwaka haujaisha Bulyanhulu ilipunguza shughuli na watu wakapoteza kazi. Waliouza vyakula, sare na usafiri Kakola na Kahama wakabaki na bidhaa. Barrick, kampuni mama ya Acacia, ilinunua hisa zilizobaki mwaka 2019. Januari 2020 mkataba na Serikali ukasainiwa, ikazaliwa kampuni ya ubia ya Twiga Minerals, Serikali ikiwa na asilimia 16, na baadaye mgodi wa chini ukafufuliwa.

Mbinu zote tulizozijadili zinadhani hatari inatoka baharini na barabarani. Hii ilitoka mezani kwa mwenye nchi. Akiba ya makontena manane haikusaidii hapo. Kinachosaidia ni kujua mapema kwamba umbo la bidhaa unayotoa ni uamuzi wa ugavi: ukichagua kutoa unga badala ya tofali, umechagua pia bandari, meli, kiwanda cha mbali na mabishano ya thamani. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa nchini, Benki Kuu ikiwa mnunuzi. Mitambo ya kusafisha ipo Mwanza na Geita. Hata tofali sasa lina kituo cha kupitia.

Mkono wa Serikali umegusa pia upande wa kununua. Kanuni za Madini za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zinautaka mgodi upeleke mpango wake wa manunuzi kwa Tume ya Madini na utangulize bidhaa na kampuni za ndani. Zabuni ya kampuni ya wazawa isiyozidi ile ya chini kabisa kwa zaidi ya asilimia 10 ndiyo inayopewa kazi, mradi ina uwezo. Kampuni ya kigeni inayotaka kuuza inaingia ubia na wazawa wenye angalau asilimia 20.

Wapo wanaoziona kanuni hizi kama mzigo. Mimi naona zimesahihisha upofu ule wa Kraljic kwa nguvu ya sheria, na asilimia 10 ni kodi ndogo kwa amani ya barabarani. Lakini zimezaa kitu kingine: kampuni za mfukoni. Mtu ana leseni, mhuri na namba ya simu. Anapata oda ya ununuzi, LPO, ya kupeleka mipira ya chuma ya kusagia mawe, anampigia muuzaji yule yule wa ng'ambo aliyekuwa akiuzia mgodi moja kwa moja, anaongeza chake juu. Mnyororo umeongezewa pingili na hakuna kilichotengenezwa Shinyanga wala Geita. Takwimu za manunuzi ya wazawa zinapanda, na mpira wa chuma umesafiri kilomita zile zile. Linganisha na chokaa: Tanga inachomwa, na mgodi unaoitumia umepunguza kweli safari ya baharini, bandari na fedha za kigeni. Kwangu ununuzi wa ndani unapimwa kwa umbali ambao kitu hakikusafiri. Jina lililo kwenye ankara ni hoja ya pili.

Na mzawa wa kweli, mwenye karakana na vijana wake, mara nyingi haumizwi na bei bali na siku. Amepeleka mzigo, amesubiri siku 30, zikawa 60, benki inadai. Ndiyo maana wauzaji wengi wa Kahama wanasema waziwazi kwamba afadhali bei ndogo inayolipwa mapema. Mgodi unaotaka kujikinga kama Lee anavyoshauri ungeanza hapo, maana muuzaji aliyefilisika ni pengo la ugavi sawasawa na meli iliyochelewa, ingawa kwenye chati ya hatari huwa hana safu yake.

Nyuma ya uzio wa migodi mikubwa kuna ugavi mwingine mzima, usio na stoo wala mkataba wa maandishi, nao una akili nyingi kuliko tunavyoupa. Nenda kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu. Mwenye duara hana fedha ya kushusha shimo. Mfadhili anatoa: chakula cha vijana, matimba ya kukazia kuta, mafuta ya pampu, baruti. Halipwi kwa mwezi. Analipwa mawe yakipatikana, kwa mgawo uliokubaliwa pamoja na mwenye leseni na wachimbaji. Mawe yanakwenda karashani. Mwenye karasha anasaga kwa malipo madogo, lakini kinachomweka mjini ni marudio: mchanga uliokwisha kuoshwa mwaloni unabaki wake, naye anaukusanya hadi utoshe kupelekwa kwenye matangi ya sianidi, ambako dhahabu iliyowatoroka wengine inakamatwa. Ameuza huduma kwa bei ya chini na kulipwa kwa taka.

Ukiuangalia mpango huo kwa macho ya Lee, kila mmoja amebeba kipande cha hatari ambacho anaweza kukibeba. Mfadhili mwenye maduara matano hafi kwa moja kuwa tupu. Mwenye karasha anapata hata kwenye mawe hafifu. Mbaya ni kwamba anayeshika nyundo ndiye mwenye fungu dogo na hatari ya mwili yote, na kwamba hesabu ya mgawo iko kichwani mwa aliyeshika daftari. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, limesaidia mwisho wa safari: bei inaonekana, mizani ni ya wazi, broka hana giza la kujifichia kama zamani. Mwanzo wa safari, kwa mfadhili na daftari lake, bado kila mtu na bahati yake.

Liko jambo moja ambalo wadogo wanalifanya kila siku na wakubwa hawajaliweza: kuchangia. Maduara matano yanatumia karasha moja. Toyota nayo, ambayo wengi wanaidhania haina stoo, iliwaagiza wauzaji wake wa chipu waweke akiba ya miezi miwili hadi sita baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, na ndiyo iliyoivusha salama kuliko wenzake mwanzoni mwa uhaba wa 2021. Hiyo ni akiba ya mnyororo, imewekwa mahali pamoja kwa faida ya viwanda vingi. Migodi ya Geita, Bulyanhulu na North Mara kila mmoja una ghala lake la tahadhari, kwa vitu vinavyofanana sana, vikipita Tinde kwa misafara tofauti. Makontena manane ya mfano wangu, mara migodi mitatu, ni 24. Kwa kuwa si rahisi mizigo yote mitatu ichelewe pamoja, ghala moja lenye makontena pungufu ya hayo lingewalinda wote sawasawa.

Mahali pa kuweka ghala hilo papo. Mgodi wa Buzwagi ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021, na eneo lake pale Kahama linageuzwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, likiwa na uwanja wa ndege, umeme na barabara ya lami. Kiwanda cha mipira ya chuma, kile ambacho kingeifukuza kampuni ya mfukoni bila kuitungia sheria, hakiwezi kusimama kwa oda ya mgodi mmoja. Kwa oda ya mitatu kinaweza, ila mwekezaji atadai kwanza kuonyeshwa matumizi ya kila mgodi kwa miaka kadhaa ijayo. Takwimu hizo zinafichua gharama za uzalishaji, na kampuni zinazomiliki migodi hii zinauza hisa kwenye masoko yale yale huko nje, hivyo hakuna inayotaka mwenzake azione. Tume ya Madini inazipokea zote kila mwaka ndani ya mipango ya manunuzi. Inaweza kuzijumlisha na kutangaza jumla peke yake, tani kwa mwaka, bila jina la mgodi wowote.